Mkague Wakili Kabla ya Kumpa Hati

Mkulima anunuapo ng'ombe wa maziwa humtazama meno, kiwele na miguu, wala hatoi fedha mpaka moyo wake umetulia. Lakini mkulima huyo huyo, siku ya kuuza ekari mbili za shamba la baba yake, humkabidhi mgeni hati na fedha kwa sababu tu ameona kibao mlangoni kilichoandikwa "Wakili". Wiki hii twaeleza jinsi ya kumkagua wakili, maana kazi hii si ngumu.

Yapasa kujua kwamba katika Kenya uwakili una sehemu mbili. Ya kwanza ni jina la mtu kuandikwa katika Orodha ya Mawakili baada ya kuhitimu na kuapishwa. Ya pili ni cheti cha kufanyia kazi, nacho ni cha mwaka mmoja tu. Ifikapo tarehe 31 Desemba kimekwisha. Kwa hiyo mtu aweza kuwa amesoma na kuapishwa kweli, na bado asiwe na ruhusa ya kusimama kortini kwa niaba yako. Shahada iliyotundikwa ukutani haitoshi. Uliza cheti cha mwaka huu.

Chama cha Mawakili cha Kenya kina orodha katika intaneti, na kila mtu aweza kutafuta humo jina la wakili na kuona kama ana cheti, amesimamishwa, au amefutwa. Lakini jina peke yake lisikuridhishe. Mwezi wa Oktoba 2023 tawi la Nairobi la Chama hicho liliwaonya watu juu ya mtu mmoja aliyejiita wakili. Chama kilieleza kwamba alikuwa ametumia nafasi ya wakili halisi mwenye jina linalofanana na lake. Basi linganisha pia nambari yake na mahali pa ofisi yake, na ukiwa na shaka, kiulize Chama chenyewe.

Wengine watauliza: je, hati yangu iliyoandikwa na wakili asiye na cheti imeharibika? Mwezi wa Desemba 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, iliamua kwamba hati ya namna hiyo haibatiliki kwa sababu hiyo peke yake. Kosa ni la wakili, si la mteja. Hata hivyo uamuzi huo hautarudisha fedha zilizokwisha kuliwa.

Aliyedhulumiwa asinung'unike nyumbani tu. Apeleke malalamiko kwa Tume ya Malalamiko juu ya Mawakili, au kwa Baraza la Nidhamu ya Mawakili. Baraza laweza kumwonya wakili, kumtoza faini isiyozidi shilingi 1,000,000, kumsimamisha kwa muda usiozidi miaka 5, au kulifuta jina lake kabisa. Laweza pia kumwamuru amlipe mteja fidia isiyozidi shilingi 5,000,000. Lakini Baraza huamua kwa ushahidi. Asiye na stakabadhi wala barua atapata taabu kuthibitisha neno lake.

Tena tuwe waadilifu. Kushtakiwa si kuhukumiwa. Mteja aliyeshindwa kesi aweza kumlaumu wakili asiye na kosa, kwa hiyo tazama uamuzi uliotolewa, usisikilize maneno ya sokoni.

Wako waonao haya kumwuliza msomi habari za cheti chake. Haya hiyo ni ya bure. Wakili mwaminifu ataonyesha cheti chake bila kinyongo, atakupa stakabadhi kwa kila shilingi, na fedha zako ataziweka mbali na zake, kama kanuni zinavyomwamuru. Akikasirika kwa kuulizwa, chukua hati yako uondoke nayo ingali mkononi mwako.