Zima, Washa Tena

Aprili mwaka huu, saa tatu usiku, nilikaa mbele ya kompyuta katika chumba changu cha uani, Sakina, Arusha, nikajibu swali la msimamizi wangu wa tasnifu kuhusu sampuli ya utafiti. Yeye yuko nje ya nchi, kwa hiyo tunaonana kwa video. Nilijibu kwa dakika nne nzima. Nilipotua kusubiri neno lake, nikaona uso wake umeganda, na sikujua umeganda tangu sentensi ipi. Kesho yake akaniandikia kwa upole: majibu yangu yalikuwa ya kukatikakatika, mara nyingine nijiandae zaidi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki mbili.

Nikapiga simu kwa kampuni inayotuuzia intaneti ya nyumbani. "Pole dada. Umejaribu kuzima ruta na kuwasha tena?" Ilikuwa mara ya tano kuulizwa hivyo ndani ya mwezi mmoja.

Ugomvi wangu ni na sentensi hiyo. Si kwamba ni ya uongo. Ruta ni kompyuta ndogo. Ikifanya kazi wiki nyingi mfululizo huweza kukwama, na kuizima huifanya ianze upya. Lakini ikiwa ndiyo jibu la kwanza na la mwisho, inahamishia kosa nyumbani kwako kabla ya mtu yeyote kupima chochote. Unazima, unawasha, mtandao unarudi kwa sababu zake wenyewe, nawe unaamini ruta ndiyo iliyokuwa mbovu. Kesho unaanza upya.

Tunakubali kwa sababu hatuna mizani. Nenda Soko la Kilombero ukanunue maharage: mizani iko mbele ya macho yako, na Wakala wa Vipimo wana mamlaka ya kuikagua. Hakuna mama atakayekuuzia "hadi kilo mbili". Lakini intaneti tunanunua "hadi megabiti 20 kwa sekunde", na tunalipa kamili. Chini ya hiyo "hadi" kuna kumi, kuna moja, kuna sifuri.

Basi nikatafuta mizani. Swali la kwanza: tatizo liko ndani ya nyumba au nje? Kompyuta ina amri iitwayo ping, inayotuma ujumbe mfupi kwenye anwani fulani na kuhesabu milisekunde za kwenda na kurudi. Nikaituma kwa ruta yenyewe. Ujumbe usiovuka hata geti la nyumba ulipaswa kurudi ndani ya milisekunde chache. Wangu mmoja ulichukua 200, mwingine 600, mwingine haukurudi kabisa.

Hapa nikiri: sehemu ya kosa ilikuwa kwetu. Ruta ilikaa sebuleni kwa mama mwenye nyumba, nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa ajili ya vumbi. Kati yake na chumba changu kuna kuta mbili za tofali za saruji na simtanki lililojaa maji. Chuma huzuia mawimbi ya redio, maji huyameza. Tena ilikuwa ikirusha kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya kuta kuliko ya 5 GHz, lakini yana njia tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ruta za majirani zilikuwa zimejazana humohumo.

"Mama, naomba tukihamishe kile kifaa."

"Mwanangu, si waya ndio unaoleta mtandao? Kikikaa pale au hapa kuna tofauti gani?"

Swali zuri, na hakuna aliyewahi kumjibu, ingawa mkataba una jina lake. Nikamwambia ni kama taa: waya unaleta umeme, lakini taa ukiifungia kabatini haitamulika uani. Akaelewa palepale. Tukaiweka juu, karibu na dirisha la nyuma, bila kitambaa. Nami nikavuta waya kutoka kwenye ruta hadi chumbani.

Kisha nikapima. Siku 14, saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku, kwa waya, wenzangu wakiwa wamezima vifaa vyao. Niliandika daftarini. Alfajiri: megabiti 17, 18, 19. Usiku: 2, 3, siku moja 1. Ping ya ruta ilibaki chini ya milisekunde 2 nyakati zote. Upande wetu ulikuwa safi. Kilichobaki kilikuwa nje ya ukuta, na kilikuja kila jioni, watu wanaporudi nyumbani na kugombania njia ileile. Kugawana njia ni kawaida duniani kote. Ubaya ni kuuziwa bila kuambiwa.

Najua utetezi unaofuata: nyaya za baharini. Ni kweli, tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku ile hakuna ruta ya Arusha ingefaa kuzimwa. Lakini waya wa baharini haukatiki kila siku saa tatu usiku ukajiunga alfajiri.

Wenzangu chuoni wana jibu jingine: "Nunua bando la simu, achana nao." Hili linanikera zaidi, kwa kuwa ndilo tunalofanya sote. Tunalipa mara mbili kwa kitu kimoja, halafu tunajisifu kwa uvumilivu. Na asiye na pesa ya bando la pili anaandikiwa kwamba hakujiandaa.

Ninachodai ni kidogo. Kampuni iandike, pembeni ya "hadi", kasi ya chini kabisa tutakayopata jioni. Na anayepokea simu aulize kwanza: umepima saa ngapi, kwa waya au bila waya? Nawe unayesoma, hamisha ruta yako, kisha pima wiki moja na uandike. Kanuni za ubora wa huduma zipo, na utaratibu wa TCRA uko wazi: unaanza na mtoa huduma, usiporidhika unawafuata wao. Lakini ukienda na neno "iko slow" tu, utaambiwa uzime, uwashe.

Nimepeleka jedwali langu kwa kampuni, nikapewa namba ya malalamiko. Nakala nimemtumia msimamizi wangu. Amejibu kwa mstari mmoja: tukutane alfajiri ya kwako, unieleze tena kuhusu sampuli.