Waya Mbovu Haujui Kiingereza

Wapo wasomi wanaoshikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya tenzi na ngano, hakifai kufundishia ufundi. Hoja hiyo haina mashiko. Tazameni mfano huu.

Toyota Corolla ya miaka ya 1990 inagoma kuwaka asubuhi, na taa ya injini imewaka. Kihisi cha joto la maji kinashukiwa. Kabla ya kununua kipya, chomoa soketi yake, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha pima kwa mita baina ya nyaya zake mbili. Zikionekana volti 5 hivi, nyaya hazijakatika. Kipime kihisi chenyewe. Zisipoonekana, pima kila waya dhidi ya bodi: volti 5 zikirejea, waya wa hasi ndio uliokatika, zisiporejea, ufuate waya wa ishara hadi kwenye kompyuta ya injini. Kata shaba iliyoota kutu ya kijani, unga kwa lehemu, zungushia utepe.

Ni neno gani hapo lililohitaji Kiingereza? Lakini sekondari zetu Tanzania humkaririsha kijana somo la umeme kwa lugha asiyoimudu. Akifika gereji, habahatishi ila kwa fedha za mwenye gari. Washairi, istilahi tusizitafute kamusini pekee. Twendeni gereji.