Sekunde 40 za Kiingereza

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Darasa la kidato cha kwanza lina wanafunzi 60, kipindi ni cha dakika 40. Hata mwalimu akinyamaza kabisa na kuwasimamisha mmoja mmoja, kila mtoto ataambulia sekunde 40. Kwa Mtanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa kuielewa baiolojia kwa Kiingereza, huo ni mzaha. Ndiyo maana naunga mkono mazoezi ya kuzungumza huku wanafunzi wakitembea. Yanachangamsha, sawa, lakini hiyo si hoja. Hoja ni kwamba yanaivunja hesabu hiyo.

Watetezi wengi hukimbilia kwa James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetetea ujifunzaji wa lugha kwa kutii amri: simama, geuka, fungua mlango. Hiyo hunoa sikio zaidi, kwani mtu anaweza kufungua milango yote ya shule bila kutamka neno. Chenye faida zaidi ni mistari miwili inayotazamana. Huku kila mmoja ni karani wa basi tofauti, ana karatasi yenye nauli na saa ya kuondoka; kule ni wasafiri wanaotafuta basi la bei nafuu la Dodoma. Mwalimu akipiga makofi, wasafiri wanasogea hatua moja na kuuliza upya. Kwa dakika yoyote ile, watu 30 wanazungumza, na anayeuliza mara ya tano hakwami tena alipokwama mwanzo. Mwaka 1989 mtafiti wa ufundishaji wa lugha Paul Nation alionyesha kuwa wanaorudia habari ileile kwa wasikilizaji wapya huongeza kasi na kupunguza kusitasita.

Watachanganya Kiswahili? Watachanganya, na si dhambi, mradi swali na jibu vitoke kwa Kiingereza. Kelele zikizidi, uwanja upo. Mwenye magongo awe karani, wenzake wamfuate.

Pingamizi lenye uzito ni mtihani. Kwa mfano, nchini Kenya, stadi za kuzungumza Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hujibiwa kwa kalamu, kwenye karatasi ya kwanza, ilhali mtahiniwa wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini na kufungua kinywa. Ni kweli wa Kifaransa ni wachache, na kuwasikiliza wote wa Kiingereza kungegharimu fedha nyingi. Lakini mwalimu anayepimwa kwa alama za kalamu ana sababu nzuri ya kuwaacha wanafunzi vitini, na semina za mbinu shirikishi hazitamwondolea sababu hiyo.