Nyumba ya Herufi H Mlimani



Mkulima mmoja wa Mpepai, huko Mbinga, ametuletea ramani ya nyumba aliyoichora mwenyewe kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi ya daftari la shule. Ina umbo la herufi H: mabawa mawili ya vyumba, na ukumbi unaoyaunganisha katikati. Matofali ameshachoma, mawe ya msingi yako kiwanjani, na fedha anazitegemea kutoka katika kahawa ya misimu mitatu. Msimu wa kwanza atajenga bawa la vyumba vya kulala, wa pili ukumbi, na wa tatu bawa la jiko na chumba cha mama yake.

Katika barua yake ya kurasa nne, mama huyo ametajwa mara moja tu, karibu na mwisho: kwamba amekataa kuhamia nyumba mpya na anasema moto wake uko pale alipo. Ndugu yetu anatuuliza kama umbo la H linafaa na paa lake aliezeke vipi. Tutamjibu, lakini ni hilo la mama lililotufanya tutoe nafasi yote ya leo kwa barua moja.

Umbo lenyewe si geni duniani. Waingereza wa zamani walijenga nyumba za wakubwa kwa namna hiyo: ukumbi wa kulia na kukutania ulikuwa katikati, upande mmoja vyumba vya mwenye nyumba, upande wa pili jiko na ghala. Huko Virginia, Marekani, liko jumba la Stratford Hall lililojengwa katika miaka ya 1730, nalo ni H kamili. Mwaka 1945 msanifu Marcel Breuer, mzaliwa wa Hungaria, alikamilisha nyumba karibu na jiji la New York ambayo bawa lake moja ni la shughuli za mchana na jingine la kulala, na mlango wa kuingilia uko baina yake. Nyakati na watu mbalimbali, lakini haja ni moja: wanaopika na kuzungumza wasiwasumbue waliolala, na wote wawe na mahali pa kukutana.

Haja hiyo hata Umatengo inajulikana. Wazee wanaikumbuka sengu, pale watu wa ukoo walipokula pamoja na kuzungumza mambo yao. Tukiutazama ukumbi wa kati wa H kwa jicho hilo, tutaona kwamba kazi yake kubwa ni kukalia. Mwenye kuujenga mwembamba kama ujia wa ofisi amejenga nyumba mbili zinazopeana mgongo.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapo ndipo wengi hukatia tamaa baada ya msingi kuchimbwa. Ramani ya ndugu yetu ina mabawa mawili yenye upana wa mita 4 na urefu wa mita 11 kila moja, na kiungo cha mita 5 kwa 4. Eneo lote ni mita za mraba 108. Nyumba ya kawaida ya mstatili, mita 12 kwa 9, ina eneo hilo hilo. Lakini ukizizunguka kwa kamba, kuta za nje za mstatili zina mita 42, na za H zina mita 62. Hizo mita 20 za ziada ni msingi, matofali, linta na plasta. Asidanganywe na fundi atakayemwambia kwamba ni jambo la kona chache tu.

Anachokipata kwa fedha hizo ni nini? Kwanza, hewa na mwanga. Katika nyumba tuliyoizoea, yenye vyumba 3 huku na 3 kule na ukumbi mrefu wa giza katikati, chumba aghalabu hupata dirisha upande mmoja tu. Katika bawa la H, lenye upana wa chumba kimoja, kila chumba chaweza kuwa na madirisha pande mbili. Pili, mbao. Kuvuka mita 9 kwahitaji kenchi kubwa, mbao nyingi na fundi seremala wa kuaminika, bali mita 4 huvukwa kwa mbao fupi za mikaratusi au misindano. Tatu, na hili ndilo lililomvuta ndugu yetu, nyumba yaweza kujengwa kwa awamu. Bawa moja lililoezekwa ni nyumba tayari, wakati nusu ya mstatili ni gofu.

Kwa hiyo umbo tunalikubali. Tusilolikubali ni namna alivyoliweka juu ya ardhi.

Anasema kiwanja chake kinashuka kuelekea kaskazini, iliko barabara, kiasi cha mita 1 kwa kila mita 10. Ameuchora ukumbi sambamba na barabara na mabawa yakipanda mlima, ili anayepita aone ua wa mbele ukiwa umekumbatiwa pande mbili. Kwenye karatasi inapendeza kweli, lakini karatasi haina mteremko. Bawa la mita 11 linalopanda mlima huo lina tofauti ya zaidi ya mita moja toka mwisho mmoja hadi wa pili. Itampasa achimbe sana nyuma na kujaza sana mbele, na ukuta uliosimama nusu kwenye ardhi ya asili na nusu kwenye kifusi hupasuka. Nyufa hizo huanza penye kona za madirisha, nazo hazitibiki kwa plasta.

Baya zaidi ni ua wa nyuma. Umefungwa pande tatu na nyumba, na upande wa nne ni mlima. Nusu ya maji ya mapaa yanayoelekea ndani itamwagika humo. Mvua ya milimita 20 tu, ambayo kwa Ruvuma si mvua ya kutisha, italeta uani karibu lita 1,000, nasi hatujahesabu yanayotiririka kutoka mlimani. Wamatengo hawahitaji kufundishwa jambo hili, kwani wao ndio mabingwa wa ngoro. Wanajua kwamba ukitaka maji yasimame mlimani, unayachimbia shimo na kulizungushia matuta pande zote, nayo yatatulia humo na kuacha udongo wake. Ua ule ni ngoro kubwa, na tuta lake la chini ni ukuta wa sebule.

Dawa yake ni kuigeuza H ilale ubavuni. Mabawa yafuate usawa wa mlima, moja juu na jingine chini, na ukumbi upande kutoka bawa la chini kwenda la juu. Kila bawa, kwa kuwa lina upana wa mita 4 tu, litakutana na tofauti ya sentimita 40, ambayo mawe ya msingi hulisawazisha bila taabu. Nyua mbili zitafunguka mashariki na magharibi, na maji yatapata njia ya kutokea. Hayatatoka yenyewe, hata hivyo: sakafu ya ua ipewe mwinamo wa kuelekea nje, na mfereji upite kando, mbali kidogo na msingi wa bawa la chini, maana maji yatajaribu kuelekea huko. Nyuma ya bawa la juu uchimbwe mtaro wa kinga kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Usawa wenyewe usikisiwe kwa macho. Mpira mwembamba wa maji, unaoonesha ndani, na watu wawili wavumilivu watatosha.

Kwa kulala hivyo nyumba itapata pia jua. Mpepai iko karibu nyuzi 11 kusini ya Ikweta, na kwa hiyo mwezi Juni na Julai, wakati wa baridi na wa mavuno ya kahawa, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Madirisha ya bawa la chini yatalipokea, na upepo wa kusi utakutana kwanza na mlima na bawa la juu. Wasomaji wetu wa Liuli na Mbamba Bay wasiige hapa, kwa maana wao wanatafuta upepo, hawaukimbii. Kwao kuta mbili za ukumbi zijengwe kwa matofali ya matundu, na ua uelekezwe ziwani ili upepo wa mchana upite kati.

Kuhusu paa: H iliyo juu ya ardhi tambarare ina mabonde manne, pale paa la ukumbi linapokutana na mapaa ya mabawa, na kila bonde ni mlango wa kuvuja. Nyumba ya ndugu yetu ikilala ubavuni, bawa la juu litasimama juu ya lile la chini kwa sentimita 90 hivi, na fundi mzuri, akishika vipimo vyake tangu kwenye kuta, ataweza kuliingiza paa la ukumbi chini ya ukingo wa paa la bawa la juu. Hapo yatabaki mabonde mawili. Yatandikwe bati bapa pana, lisilo na kiungo katikati, chini ya mabati ya migongo, na kila Oktoba mtu apande kuondoa majani. Kuziba bonde kwa lami baada ya kuvuja ni kazi ya kila mwaka isiyokwisha.

Sentimita 90 hizo ni vidato 6 vya sentimita 15. Vitachukua karibu mita 1.7 ya ukumbi, na mita 3.3 zilizobaki zitakuwa sakafu moja na bawa la chini. Hapa ndipo tunaporudi kwa mama.

Katika ramani aliyoileta, jiko liko mwisho kabisa wa bawa la kushoto, chumba cha mama kiko mwisho wa pili wa bawa hilo hilo, na milango yote miwili inatazama ujia wa ndani. Kwenda motoni angepita vyumba vitatu, na kutoka nje kuota jua angevuka sebule yenye wageni. Mama aliyezoea kufungua mlango akaona kuku wake, moto wake na anayepita njiani, amepangiwa kuishi kama mgonjwa aliyelazwa. Mwana anadhani mama anakataa nyumba ya bati. Sisi, kwa kuitazama ramani tu, tunadhani amekwisha kuielewa kuliko aliyeichora.

Achorwe kwenye bawa la chini, lenye jua. Chumba chake kiwe cha pili kutoka mwisho wa mashariki, jiko liwe la mwisho, na kila kimoja kiwe na mlango wake wa kutokea ua wa mashariki. Jiko lipewe dohani ya matofali inayopita juu ya paa, maana moshi ulioingia chumba cha jirani usiku kucha ni adui wa mapafu ya mzee. Vizingiti vya milango hiyo visizidi sentimita 2. Choo kiwe upande huo huo, chini ya mteremko, na njia yake iwe na mahali pa kushikia. Kufika sebuleni hatapanda kidato hata kimoja. Watakaopanda ni wenye magoti mazima, yaani mwana, mkewe na watoto, ambao vyumba vyao vitakuwa bawa la juu. Ua wa magharibi ubaki kwa wageni na kwa vichanja vya kahawa.

Tunajua atasema kwamba bawa la juu ndilo litakaloonekana vizuri toka barabarani, na kwamba nyumba huanza kwa sehemu ya mwenye nyumba. Jambo la kuonekana tumelisikia mara nyingi katika safu hii, nasi hatulicheki, kwa sababu mtu aliyechuma kahawa kwa miaka ana haki ya kujivunia. Lakini misimu mitatu ni ahadi ya mvua na ya bei, na yeye mwenyewe ameandika kwamba mama yake ana umri wa zaidi ya miaka 70. Bei ikianguka msimu wa pili, bawa la tatu litakuwa magugu.

Kwa hiyo aanze na bawa la chini. Likiezekwa, mama ana chumba na moto, na vyumba vilivyobaki vitawahifadhi wengine kwa muda, kwa kubanana. Msingi wa H nzima uchimbwe na kujengwa pamoja mwaka huu, hata kama kuta zitangoja, ili nyumba isitulie sehemu sehemu. Penye kiungo cha bawa na ukumbi fundi aache nondo za mkanda wa zege zikijitokeza, azipake saruji zisiote kutu. Udongo utakaochimbwa juu usitupwe mahali pa bawa la chini, maana litajengwa juu ya ardhi ngumu na si juu ya kifusi.

Na kabla ya vigingi kupigwa, amchukue mama yake kiwanjani asubuhi, pamoja na kigoda chake, amwachie achague mahali pa mlango wa jiko. Ukisogea mita moja huku au kule ramani haitaharibika. Matofali yatakayobaki bila kutumika ayafunike kwa majani na mabati ya zamani kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa matofali ambayo hayakuiva vizuri hurudi kuwa udongo.