Miiba ya Kalunguyeye na Ulinzi wa Watoto Wetu

Wapendwa wangu wote wa Marangu, Moshi mjini, Dar na kwingineko, mnisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu. Zamu za usiku zimenibana, na nikirudi asubuhi ninakuwa hoi. Sisi huku Uingereza tu wazima, ila baridi ndiyo inakataa kuondoka.

Leo nataka kumjibu Mama Mdogo hapa hapa mbele yenu, maana najua wazo lake wanalo wengi. Shikamoo Mama. Wiki iliyopita aliniambia kwa simu kwamba amepata chupa ya mafuta yaliyoombewa, na kuna mtu anakuja huku atampa aniletee. Nimpake mjukuu wake kila asubuhi kabla ya shule, ili mabaya ya Ulaya yasimguse. Upendo huo naushukuru sana. Lakini nina maoni yangu, na nitayasema kwa heshima.

Kwanza niwape kisa. Asubuhi moja nilikuwa nampeleka mwanangu shule (sasa ana miaka 8) tukamkuta kalunguyeye amekufa barabarani. Huku huyu mnyama huingia hata kwenye bustani za mjini. Nilikuwa nimeshamwambia mwanangu kwamba Mungu alimpa miiba kati ya 5,000 na 7,000, na akiona hatari hujikunja kama mpira. Mbweha akimsogelea, pua inachomwa, anaenda zake. Basi mtoto akasimama, akamtazama, akaniuliza: "Mama, mbona miiba haikumsaidia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia twende, tutachelewa.

Jibu lilinijia baadaye. Kalunguyeye yule kinga alikuwa nayo. Tatizo ni kwamba kinga ile ni ya mbweha, na kilichokuja ni gari. Bila shaka alifanya lile analolijua, akajikunja akatulia, na gari halijali miiba.

Haikupita muda yakanikuta mwenyewe. Mwanangu huwa anacheza mchezo fulani wa kompyuta, unacheza na watu usiowaona. Mtu mmoja akamwandikia amtumie picha yake, na asimwambie mama. Mtoto hakutuma, namshukuru Mungu. Lakini hakuniambia pia. Siku tatu alikuwa mkimya, hali vizuri, anajifunika blanketi mpaka kichwani. Mimi muuguzi nikampima homa! Siku ya nne akalia, akasema yote.

Jamani, siku zote hizo tatu tulisali pamoja kabla ya kulala. Sala anaijua yote, anamkemea hata shetani. Ila mimi mama yake sikuwahi kumwambia kwamba shetani anaweza kuja kama rafiki kwenye mchezo, akaanza kwa kusema "hii ni siri yetu". Akafanya kama kalunguyeye. Akajikunja.

Hapo nikakumbuka tumbili. Mwaka 1980 watafiti watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walichapisha waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli, pale Kenya, upande wa pili wa mlima wetu. Tumbili hawana mlio mmoja tu wa hatari. Wana mlio wa chui, na wakiusikia wanakimbilia juu ya miti. Wana mlio wa tai, wakiusikia wanatazama juu au wanaingia vichakani. Wana wa nyoka pia, huo unawafanya wasimame kwa miguu ya nyuma na kuchungulia majanini. Watoto wao hukosea. Wengine hupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara, au hata kwa jani linalodondoka. Wanajifunza taratibu wakiwa katikati ya wakubwa.

Mimi nilimpa mwanangu mlio mmoja tu, "Mungu nilinde na mabaya." Sala hiyo ni nzuri, lakini mtoto hajui mabaya yanafananaje, wala akiyaona akimbilie wapi. Mtume Paulo katika Waefeso sura ya 6 anazitaja silaha za Mungu moja moja, mkanda, ngao, chapeo na nyinginezo, tena anataka anayezihitaji azivae mwenyewe.

Niseme kiuuguzi kidogo. Mtoto huzaliwa na kinga alizopata kwa mama yake tangu tumboni, na akinyonya anaongezewa nyingine. Lakini zile za tumboni hupungua baada ya miezi. Ndiyo maana huko nyumbani mtoto akifikisha miezi 9 mnampeleka kliniki kwa chanjo ya surua, ili mwili wake ujifunze kupigana. Naamini imani iko hivyo hivyo. Imani ya mama humfunika mtoto kwa muda, halafu mtoto anahitaji ya kwake, na hiyo haipakwi kutoka kwenye chupa.

Simpingi mtu mafuta. Yakobo ameandika kuhusu wagonjwa kupakwa mafuta na kuombewa. Ninachopinga ni kumpaka mtoto mafuta kisha sisi wakubwa tukalala usingizi. Tena hili si la Ulaya peke yake. Huko nyumbani pia tunawaombea watoto kanisani, halafu tunawaacha na mtu yeyote, na mtoto akisema "yule anko simpendi" tunamwambia ana adabu mbaya. Huyo ni tumbili mdogo amepiga mlio. Hata kama amekosea, angalia kwanza.

Mnakumbuka kuku wa bibi kule kihambani? Mwewe akizunguka juu, kuku alitoa sauti moja tu, vifaranga wote chini ya mbawa. Vile vifaranga vilianza kuisikia sauti ya mama yao vikiwa bado kwenye yai. Bwana Yesu mwenyewe alijifananisha na kuku akiulilia mji wa Yerusalemu, na uchungu wake ulikuwa kwamba watoto hawakutaka kuja. Mbawa zilikuwepo. Kwa hiyo kazi yetu wazazi ni mtoto aizoee sauti, na ajue akija chini ya mbawa hatadonolewa. Mwanangu alinyamaza siku tatu kwa sababu aliogopa nitamfokea na kumnyang'anya kompyuta. Hilo limeniuma kuliko yule mtu wa kwenye mchezo.

Sasa kila jioni kabla ya kusali namuuliza leo ameona nini, nani amemwambia nini. Hakuna kufoka. Halafu tunaombea hayo hayo, kwa majina yake.

Mama Mdogo, mafuta yalete tu, nitayapokea kwa mikono miwili. Lakini nakuomba na hili: Jumapili ukipiga simu, usiongee na mimi kwanza. Ongea na mjukuu wako, umuulize ameshindaje, umsikilize mpaka amalize. Mbawa zako tunazihitaji pia, hata kwa simu.

Mungu awabariki wote. Msalimieni bibi.