Vichwa vya Matangazo Vilivyogawa Kazi Marekani

Aghalabu tuzungumzapo juu ya nguvu za magazeti, fikira zetu hukimbilia habari za ukurasa wa kwanza na maoni ya mhariri. Ni nadra mtu kuyataja matangazo madogo madogo ya kazi, yaliyobanwa kurasa za nyuma kwa herufi za kuumiza macho. Walakini, anayetaka kujua jinsi gazeti la kila siku linavyoweza kuidumisha desturi ya mahali pa kazi, tena bila kuandika hata sentensi moja ya kuitetea, hana budi kuzianzia kurasa hizo. Historia ya magazeti ya Marekani inatupa mfano ulio wazi, na mfano huo ungali na maana kwa mwalimu na mwanafunzi wa leo.

Kwa miaka mingi, hadi katika miaka ya 1960, ilikuwa ada ya magazeti mengi ya Marekani kuyapanga matangazo ya kazi katika safu mbili. Safu moja ilibeba kichwa kilichosema kwamba wanatakiwa wanaume. Ya pili ilisema wanatakiwa wanawake. Msichana aliyehitimu chuo kikuu kwa shahada ya hisabati alipolifungua gazeti asubuhi, kichwa hicho kilimfahamisha mahali pake kabla hajasoma tangazo lolote. Hakuna askari aliyemzuia kuisoma safu ya wanaume. Hakuna aliyemwambia kwamba hana akili. Maneno machache yaliyochapwa kwa wino mzito yalitosha kumwelekeza kwenye taipureta.

Mwaka 1964 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia. Sehemu ya Saba ya sheria hiyo ilimkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, dini, asili ya taifa au jinsia, na Tume ya Fursa Sawa za Ajira ikaundwa iisimamie. Ilipoanza kazi mwaka 1965, Tume hiyo iliamua kwamba matangazo yasigawanywe kwa rangi, lakini ikaruhusu yaendelee kugawanywa kwa jinsia. Msomaji na alitafakari jambo hilo. Sheria ilikuwa moja na kifungu kilikuwa kimoja, ilhali ubaguzi mmoja ulionekana kuwa dhuluma na wa pili ukaonekana kuwa mpangilio tu wa ukurasa. Hiyo ndiyo nguvu ya mazoea: hulivisha jambo la kutungwa na binadamu vazi la maumbile.

Hoja ya wachapishaji ilikuwa ya upole. Walisema vichwa hivyo viliwekwa kwa manufaa ya wasomaji, maadamu kazi nyingi huwavutia zaidi watu wa jinsia moja kuliko wa jinsia ya pili. Kwa maneno mengine, gazeti halikuigawa jamii. Liliikuta imegawanyika, nalo likaichora kama ilivyo. Hoja hii yafaa ipimwe kwa makini kwa sababu ndiyo hoja ambayo vyombo vya habari hujikinga nayo kila mahali. Ni kweli kwamba gazeti ni kioo. Lakini kioo anachojitazamia mtu kila asubuhi kwa miaka hamsini, kikimwonyesha sura ile ile, humfunza pia jinsi ya kujiona.

Mwaka 1966 wanaharakati walianzisha shirika la kitaifa la wanawake lijulikanalo kama NOW. Suala la matangazo ya kazi likawa miongoni mwa mambo ya kwanza waliyoyashughulikia. Mwaka 1967 waliandamana mbele ya ofisi ya matangazo ya New York Times, na mwezi Desemba mwaka huo wakaandamana mbele ya ofisi za Tume katika miji kadhaa. Tume ilibadilisha msimamo wake mwaka 1968, na kabla ya mwaka huo kwisha New York Times lilikuwa limeziunganisha safu zake. Magazeti mengine yaliendelea na ada yao.

Miongoni mwa hayo lilikuwa Pittsburgh Press, gazeti la mji wa viwanda vya chuma wa Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Mji huo ulikuwa na sheria yake iliyokataza ubaguzi katika ajira, na mwaka 1969 ikaongezwa jinsia katika orodha ya mambo yaliyokatazwa. Mwaka huo huo NOW ilipeleka malalamiko mbele ya tume ya mji. Gazeti nalo likabadilisha vichwa vyake. Badala ya kusema wanatakiwa wanaume, kichwa kipya kilisema hizi ni kazi zinazowavutia wanaume. Na upande wa pili, kazi zinazowavutia wanawake.

Mwanaisimu hawezi kuyapita mabadiliko hayo bila kusimama. Katika kichwa cha kwanza msemaji ni mwajiri: yeye ndiye atakaye, yeye ndiye achaguaye, na lawama ni yake. Katika kichwa cha pili mwajiri ametoweka. Sasa anayependa na kuchagua ni mtafuta kazi mwenyewe. Mwanamke asipopata kazi ya mshahara mnono, basi ni kwa sababu moyo wake haukuvutiwa nayo! Matangazo yaliyokuwa chini ya vichwa hivyo hayakubadilika. Kilichobadilika ni nani anayebebeshwa mzigo wa uamuzi. Si ajabu basi kwamba mabadiliko kama hayo hupendwa sana na taasisi zinazotaka kuonekana zimebadilika.

Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na hukumu ikatolewa tarehe 21 Juni 1973. Mahakama iliambatanisha na hukumu yake mfano wa matangazo yaliyowahi kuchapishwa. Chini ya kichwa cha wanaume, wahasibu waliahidiwa dola 10,000 kwa mwaka. Chini ya kichwa cha wanawake, wahasibu waliahidiwa dola 6,000. Kwa haki ni lazima tuongeze kwamba wakufunzi wa masomo walitajiwa mshahara ule ule, dola 13,000, katika safu zote mbili. Hata hivyo, upande wa wanawake ulijaa kazi za usekretari na upigaji taipu za dola elfu nne, tano au sita. Nani atasema kwamba mhasibu wa kike alivutiwa na dola 6,000 kuliko dola 10,000?

Majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba tume ya mji ilikuwa na haki ya kulizuia gazeti. Jaji Lewis Powell, aliyeandika uamuzi huo, alieleza kwamba tangazo na kichwa chake haviwezi kutenganishwa. Vikisomwa pamoja vinatoa ujumbe mmoja wa kibiashara, na ujumbe huo ulikuwa wa ubaguzi usio halali. Kama ambavyo gazeti haliwezi kudai uhuru wa kutangaza biashara ya dawa za kulevya, ndivyo lisivyoweza kudai uhuru wa kumsaidia mwajiri kuvunja sheria.

Majaji wanne waliopinga hawakuwa watu wa kubezwa. Waliona hatari ya serikali kuingia katika chumba cha gazeti na kuamua lipangwe vipi, na sisi tulioishi katika nchi ambazo wahariri wamewahi kupigiwa simu usiku na wakubwa tunaielewa hofu hiyo barabara. Ndiyo maana mpaka uliochorwa na Mahakama una thamani. Gazeti liliachiwa uhuru kamili wa kuandika katika tahariri yake kwamba mwanamke hafai kuwa mhasibu, likitaka. Lisichoruhusiwa ni kuugeuza mtazamo huo kuwa mlango wa ofisi. Kutoa maoni ni jambo moja. Kugawa riziki ni jambo jingine.

Je, ndani ya ofisi za magazeti yenyewe hali ilikuwaje? Chama mashuhuri cha wanahabari mjini Washington, National Press Club, hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1971. Kuanzia mwaka 1955 waandishi wa kike waliruhusiwa kuzisikiliza hotuba za wageni wakiwa roshani, ilhali wenzao wa kiume walikuwa wameketi chini wakila chakula cha mchana. Mwaka 1974 wanawake wa New York Times waliishtaki kampuni yao kwa ubaguzi, na kesi hiyo ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 1978.

Gazeti hilo hilo lilikataa kwa muda mrefu kutumia neno 'Ms.', ambalo halimwulizi mwanamke kama ameolewa. Geraldine Ferraro alipogombea wadhifa wa makamu wa rais mwaka 1984, mkanganyiko ulijitokeza. Alikuwa ameolewa, kwa hivyo hakuwa 'Miss'. Lakini alitumia jina la ukoo wake mwenyewe, si la mumewe, kwa hivyo 'Mrs.' halikumkaa sawasawa. Gazeti lilimwita 'Mrs. Ferraro' hata hivyo. Ni mwaka 1986 tu ndipo lilipolikubali 'Ms.' katika kurasa zake.

Hapa msemaji wa Kiswahili huenda akatabasamu na kujipongeza. Sisi tunalo 'Bi.' lisilouliza habari za ndoa. Ngeli yetu ya A-WA haimtambui mume wala mke: mhasibu ni mhasibu, mhandisi ni mhandisi, na 'yeye' ni yeyote. Lakini tusijipongeze haraka. Mbona twasema 'daktari mwanamke' wala hatusemi 'daktari mwanamume'? Mbona mama wa watoto wanne anayefanya kazi za nyumbani kwa watu huitwa 'msichana wa kazi'? Sarufi yetu haikubagua. Matumizi yetu ndiyo yaliyobagua. Lugha isiyo na jinsia haimlindi mtu ikiwa desturi imekwisha kumwekea safu yake.

Gazeti la Pittsburgh Press liliacha kuchapishwa mwaka 1992, na tangu hapo matangazo ya kazi yamehamia kwa wingi kwenye intaneti. Tungetarajia kwamba safu mbili zimezikwa pamoja na karatasi. Haikuwa hivyo. Mwaka 2018 wanawake watatu wa Marekani, wakisaidiwa na chama cha wafanyakazi na shirika la kutetea haki za kiraia, walipeleka malalamiko mbele ya Tume ile ile ya Fursa Sawa za Ajira. Walidai kwamba waajiri walitumia mtandao wa Facebook kuwaonyesha wanaume peke yao baadhi ya matangazo ya kazi. Mwezi Machi 2019 kampuni hiyo ilikubali, katika maafikiano, kwamba watangazaji wa kazi nchini humo wasiruhusiwe tena kuwachagua wasomaji kwa jinsia wala kwa umri.

Tofauti kati ya enzi hizo mbili ni kubwa, nayo si ya kuliwaza. Msichana wa mwaka 1968 aliiona safu aliyonyimwa. Aliweza kuikata kwa mkasi, akaipeleka mahakamani na kulinganisha dola 10,000 na dola 6,000. Mtafuta kazi wa leo haoni tangazo ambalo hakuonyeshwa, na hawezi kulalamikia asichojua kwamba kipo. Ubaguzi uliokuwa na kichwa cha habari ulikuwa pia na ushahidi. Huu wa sasa hauna kichwa.

Kwa hivyo nawasihi walimu wa lugha wasiyadharau matangazo ya kazi kama matini ya kufundishia. Wanafunzi na waulizwe: nani anasema hapa? Nani ametoweka katika sentensi? Neno lipi linamfungulia mtu mlango na lipi linamrudisha? Na kwa kuwa wengi wao watapokea matangazo hayo kupitia simu zao, na waketi wawili wawili, mvulana na msichana, walinganishe simu zao. Huenda wakagundua kwamba wao pia husomeshwa safu mbili.