Bando ikiisha, bado utaomba?

Unaijua ile picha. Biblia imefunguliwa mezani, mistari kadhaa imepakwa rangi ya manjano, kando kuna kikombe cha kahawa na saa ndogo inayoonyesha saa kumi na moja alfajiri. Chini yake mwenyewe ameandika maneno mawili matatu kuhusu kumtafuta Bwana kabla jua halijachomoza.

Mimi naijua vizuri kwa sababu nimeipiga kwa karibu miaka miwili. Siku zingine kwenye kikombe kulikuwa na maji moto tu.

Halafu jioni moja simu yangu ikanyakuliwa kupitia dirisha la matatu, nikakaa wiki tatu na kabambe ya kupiga na kupokea. Wiki ya kwanza nilijiambia nimechoka. Ya pili nikasema kazi imezidi. Ya tatu niliketi kitandani nikakubali ukweli: tangu simu iende, sikuwa nimeomba hata asubuhi moja. Biblia ilikuwa pale pale mezani. Kilichokosekana ni watu wa kuniona.

Sikuambii haya ili unihurumie, wala sidhani niko peke yangu. Wewe pia jiulize: ukiondoa yale unayoposti, zile sala za kesha ambapo kipaza sauti kiko mkononi mwako, na zile za kikundi ambapo zamu yako ikifika unaongeza sauti kidogo, ni nini kinabaki kati yako na Mungu?

Tusiitupie TikTok lawama zote. Yesu alizungumzia jambo hili wakati hakukuwa na kamera. Soma Mathayo sura ya 6. Anataja mambo matatu, sadaka, sala na kufunga, na kwa kila moja anarudia onyo lile lile: anayefanya ili aonekane ameshapata malipo yake. Kuna kitu hapo ambacho kilinishtua. Neno la Kigiriki linalotumika kwa hayo malipo ndilo lililoandikwa kwenye stakabadhi za enzi hizo kuonyesha deni limelipwa lote. Ni kama ule ujumbe wa M-Pesa ukiingia: imethibitishwa. Watu arobaini wametazama, kumi na wawili wametuma mikono ya kuomba, basi. Biashara imeisha, hakuna anayekudai na hakuna unayemdai.

Najua utaniuliza: na Mathayo 5 je? Si Yesu huyo huyo alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu? Alisema, tena katika hotuba hiyo hiyo. Lakini angalia anayepewa sifa mwishoni. Katika sura ya 5 watu wanaona matendo mema na kumsifu Baba aliye mbinguni. Kwenye posti zangu mimi, watu walikuwa wakiandika, "Wewe uko mbali kiroho, manze." Nami nilikuwa najibu, "Ni neema tu." Hilo jibu ndilo linaniaibisha zaidi kuliko picha zenyewe.

Kwa sababu unyenyekevu wetu mwingi ni wa aina hiyo. Mwimbaji anashuka jukwaani, anapongezwa, anasema yeye si kitu, huku akisubiri umwambie kwamba yeye ni kitu. Kujidunisha kwa namna hiyo bado ni kujitazama, ni vile tu umegeuza kioo. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, akaomba rehema kwa sentensi moja, akaenda zake. Sidhani alijua kuna mtu anamtazama, na hakupata habari kwamba yeye ndiye aliyerudi nyumbani akiwa amekubaliwa.

Turudi kwa Mathayo 6. Yesu anasema ingia chumba cha ndani ufunge mlango. Hapo kijana wa Nairobi atacheka. Chumba gani? Mko watatu kwa bedsita Pipeline, mmoja anapika, mwingine anatazama mpira, na ukuta ni mwembamba hadi unamsikia jirani akigeuka kitandani. Lakini hata waliomsikiliza Yesu wengi hawakuwa na nyumba za vyumba vingi. Neno lililotumika pale lilimaanisha pia stoo, mahali pa kuweka nafaka na vitu vya nyumbani. Alikuwa anawaambia waombe kati ya magunia.

Inasimuliwa kwamba Susanna Wesley, mama yao John na Charles Wesley, aliyezaa watoto 19 huko Uingereza, alikuwa akijifunika aproni kichwani nyumba ikijaa kelele, na watoto wakajua hapo hasumbuliwi. Na huko Paris, miaka ya 1600, kulikuwa na mtawa aliyeitwa Ndugu Lawrence, mwanajeshi wa zamani aliyeumia vitani, ambaye hakuwa padri wala mhubiri. Kazi yake ilikuwa jikoni, na haikuwa kazi aliyoipenda. Alijizoeza kuzungumza na Mungu akiwa kati ya sufuria, hadi akaona hakuna tofauti kubwa kati ya saa ya kazi na saa ya sala. Barua zake na mazungumzo yake vilikuja kukusanywa baada ya kufa kwake mwaka wa 1691. Yeye mwenyewe hakuanzisha huduma yoyote yenye jina lake. Unaposimama kwenye stendi ukisubiri gari la Rongai saa moja za usiku, una chumba cha ndani kikubwa kuliko unavyodhani, mradi usitoe simu.

Kusema kweli, wazee wetu pia wametufundisha vibaya. Tumekulia makanisa ambako mwanasiasa anatoa pesa madhabahuni, kiasi kinatangazwa, tunapiga makofi, na mjane aliyetia noti ya hamsini hajulikani alikaa wapi. Mambo yameanza kubadilika. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alikataa wanasiasa wahutubu kanisani. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Katoliki la Nairobi likakataa mchango wa Rais William Ruto kwa kanisa moja la Soweto, zaidi ya Sh2 milioni, na kusema pesa zirudishwe. Tulishangilia sana mitandaoni. Mimi nilishangilia pia, halafu Jumapili iliyofuata nikapiga selfi nikipeleka unga kwa makao ya watoto.

Ukitaka mfano mwingine wa nyumbani, muulize shosho wako kuhusu uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda ukafika Kabete mwaka wa 1937. Wale ndugu walikuwa wakisimama mbele ya wenzao na kusema mambo yao, kwa hivyo huwezi kusema walijificha. Ila walichotoa hadharani ni kile ambacho mimi na wewe tungefuta haraka: nilimwibia mwajiri wangu, namchukia ndugu yangu. Waliita hiyo kutembea nuruni. Hata ungamo linaweza kugeuka onyesho, najua, lakini mtu anayerudisha ng'ombe aliyeiba hapigiwi makofi na mwenye ng'ombe.

Sasa, kuna mtego hapa na nimeshauingia. Ukimaliza kusoma hii makala utafungua WhatsApp, utaona Biblia ya mtu na kahawa yake, na utasikia kaubaridi fulani moyoni: afadhali mimi siko hivyo. Hiyo ndiyo sala ya yule Farisayo, neno kwa neno karibu. Wacha huyo mtu na kahawa yake. Labda ameomba kweli. Na mimi ninayekuandikia mambo ya siri kwenye tovuti ya gazeti, usinione mtakatifu.

Nilinunua simu nyingine baada ya mwezi. Usiku naiacha juu ya friji, na asubuhi siigusi hadi nimalize. Sijaona maono yoyote. Juzi nilikaa dakika kumi, saba kati yake nikiwaza kodi ya nyumba na mtu mmoja kazini ambaye hatujaongea tangu Pasaka. Nikamwambia Mungu sina hamu ya kumsamehe huyo jamaa. Hiyo si kitu ningeposti. Nadhani ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kweli mwaka huu, na kesho yake nikampigia, hakushika.